Msahihishaji Mwepesi

Mtaani walimwita Profesa, na hakuwahi kuwakatalia. Kueleza kwamba yeye ni mwalimu wa muda tu, anayelipwa kwa kipindi, kungemchosha bure, na isitoshe jina halitozwi kodi. Chuoni hakuwa profesa wala robo yake. Alikuwa amefundisha jiografia miaka kumi na ushee, katika kumbi zilezile za walimu wa kudumu, kwa wanafunzi walewale wanaosinzia baada ya chakula cha mchana. Tofauti ilianzia mlangoni wakitoka. Wa kudumu walielekea ofisini kwao, nao walikuwa na likizo, kiinua mgongo na kadi ya bima ya afya. Wa muda walirudi kwenye stoo ya viti vibovu waliyopewa wapumzikie.

Mwaka ule mambo yakaonekana kunyooka. Baada ya vikao na vitisho vya mgomo, chuo kilikubali kuwapa walimu wa muda kadi ya bima, wao na wenzi wao, kwa muda wote ambao mkataba uko hai. Hayo maneno ya mwisho hakuna aliyeyatilia maanani. Watu walikuwa wanapongezana. Profesa aliingia nyumbani kadi ameinyanyua juu.

"Mke wangu, na sisi tumekuwa watu!"

Kadi ile ilikuwa ya mkewe kuliko yake. Mama huyo alikuwa fundi cherehani, anashona sare za shule barazani, na kwa muda mrefu alikuwa akitunga uzi kwenye sindano kwa kupapasa. Daktari akasema ni presha ya macho, imeshakula pembeni na sasa inaelekea katikati. Upasuaji usingerudisha kilichopotea, ila ungeokoa kilichobaki, na ufanyike upesi.

"Mshipa wa jicho ukifa, mama, haufufuki," alisema.

"Basi fanya hima, daktari," akajibu yule mama. "Ingawa hili koti la mume wangu nisingejali kutoliona tena."

Wakapangiwa Jumatatu, katikati ya msimu wa kusahihisha mitihani.

Sasa, Profesa alikuwa na sifa moja chuoni: wepesi wa kusahihisha. Kila muhula alama zake zilifika za kwanza. Mkuu wa idara alimsifu mbele za watu, na kwa mtu ambaye hajawahi kupewa hata kiti kizima, sifa hiyo ilikuwa mshahara wa pili. Wenzake wa stoo walikuwa kinyume chake, hasa mwalimu mmoja wa hesabu aliyeitwa Kobe, aliyezilalia karatasi zake mpaka siku ya mwisho kabisa. Profesa aliuona ule kuwa uvivu mtupu.

Ijumaa ile Kobe alimkuta anafunga karatasi kwa kamba.

"Zimeiva hizo? Kaa nazo kwanza, ndugu yangu. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Wewe Kobe hata kuoga unaahirisha."

Kobe alicheka, akafungua mdomo aongeze neno. Mkuu wa idara akatokea mlangoni. Kobe akaufunga.

Profesa akakabidhi alama, akapewa mkono na mkuu, akaenda zake akiwa mwepesi moyoni. Jumatatu angekaa na mkewe bila kalamu nyekundu mfukoni.

Jumatatu mkewe alikuwa ameshavalishwa gauni la kijani. Binti wa mapokezi akaipitisha kadi kwenye mashine, akaipitisha tena.

"Baba, hii imefungwa."

Profesa alimwambia mkewe kwamba mashine ya hospitali imeharibika, asubiri kidogo, akakimbilia chuoni. Ofisi ya utumishi ilikuwa na dada mpole, na upole wake ndio uliomuumiza zaidi.

"Mkataba wako umekwisha Ijumaa, mwalimu. Wa muda mkataba unakufa siku alama zinapopokelewa, na kadi inakufa nao. Hukujua? Wenzako ndiyo maana wanakaa na karatasi."

Profesa akaisogelea meza yake. Kisha mtu ambaye hajawahi kumwonea mwanafunzi hata alama moja akasema uongo wa pili siku hiyo.

"Nirudishie karatasi zangu, dada. Nilikosea kujumlisha. Zote."

"Mtambo wa alama umeshafungwa, mwalimu. Mpaka muhula mpya. Pole sana."

Alitamani kupiga kelele na hakujua ampigie nani. Nje alimkuta Kobe, ambaye hakuweza kumtazama usoni.

"Ningesemaje, na mkuu yuko pale? Wakijua, wataziba na hapo."

Kulipa taslimu hakukuwezekana. Ndugu waliitwa, wakaja na pole nyingi na maombi mazuri. Likizo ikajikokota. Muhula mpya ulipofunguliwa, kadi ikafufuka, na binti wa mapokezi akatabasamu.

"Leo inakubali, baba!"

Daktari alimmulika mama macho, la kushoto, kisha la kulia, kisha la kushoto tena. Akazima taa. Akasema sasa hakuna cha kupasua. Atampa dawa ya matone tu, kulinda kivuli kidogo kilichobaki jicho la kulia.

Cherehani ikafunikwa shuka. Mitihani ikaja, na Profesa akasahihisha kwa wepesi wake uleule, mkono ulikuwa haujui namna nyingine. Alipomaliza hakuzipeleka. Matone yalikuwa yanalipwa na kadi, na kadi ilikuwa hai maadamu karatasi ziko mezani kwake. Idarani wakaanza kumnung'unikia.

"Zimebaki nyingi?" mkewe aliuliza alasiri moja, uso ameuelekeza upande wa meza.

Profesa akautazama mrundo, kila karatasi ina alama yake nyekundu.

"Nyingi tu, mke wangu."

"Umekuwa mvivu, bwana wewe. Mwaka jana ulizimaliza upesi kwa ajili yangu, nikasema moyoni, hapa nina mume." Akatikisa kichwa. "Mashine yao tu ile ndiyo iliyotuponza."

Alijua kwamba wakati wa kusema ukweli ulikuwa huo, na kwamba hatausema.

"Ndiyo. Ni mashine."

"Basi fanya kazi, nisikucheleweshe."

Akavuta karatasi tupu, akaanza kuikwaruza kwa kalamu, ili mkewe amsikie.