Nyumba ya Udongo Kando ya Barabara Kuu

Mpaka leo nikiona kamba imefungwa mlangoni ili watu wasipite, moyo hunipiga paa! Wenzangu kazini Wheaton, kwenye makao ya wazee nilikokuwa nikiosha na kulisha, walinicheka wakidhani ninaogopa nyoka. Sikuwaeleza. Ningeanzia wapi?

Mama mkwe wangu alikuja kututembelea Germantown, huku Amerika, mwishoni mwa miaka ya tisini, kwa viza ya miezi sita. Alikuwa mjane wa miaka mingi, mrefu, mkavu, mwenye mikono mikubwa isiyojua kukaa bure. Wiki ya kwanza alipiga deki jikoni kwangu mpaka nikaanza kuionea huruma sakafu. Wiki ya pili akaniuliza kwa nini nyumba za mtaa wetu zimegandana ukuta kwa ukuta, na mtu akitaka kukandika upande wake anamwomba nani ruhusa. Nikamwambia hapa hakuna anayekandika. Akanitazama kama mtu aliyepewa habari za msiba.

Kwao, magharibi ya Kenya, alikuwa na nyumba yake ya udongo, vyumba viwili na mabati yaliyoanza kushika kutu. Baba mkwe aliisimamisha, yeye akaikandika. Kila Desemba aliipaka upya, kuta kwa udongo mwekundu, sakafu kwa samadi iliyochanganywa na jivu, kwa mkono mtupu, nusu duara baada ya nusu duara. Mume wangu aliionea haya nyumba ile. Nami niliionea haya, nisimsingizie peke yake. Mimi mtoto wa Nakuru mjini, nimelelewa ndani ya mawe, na siku ya kwanza nilipopelekwa kule kama mchumba nilikaa kwenye ukingo wa kiti ili sketi yangu isiguse ukuta. Mama aliona. Aliniongezea chai tu.

Basi mume wangu na mdogo wake aliyebaki nyumbani wakapanga jambo. Mama akiwa Amerika, nyumba ya zamani ingebomolewa na mahali pale pale ingejengwa ya matofali, yenye umeme na choo cha ndani. Angerudi akabidhiwe ufunguo. Nilipoambiwa nilirukaruka kwa furaha. Hata mapazia niliyachagua mimi, ya maua ya manjano.

Tatizo lilikuwa simu. Kila Jumapili mama aliongea na nyumbani, akiuliza habari za kuku, ng'ombe na majirani mmoja mmoja. Wiki ya kubomoa asingekosa jirani wa kuropoka. Mume wangu akasema, "Dawa ni tumtoe hapa. Tufanye road trip." Kabla ya kuja upande huu wa Washington alisomea chuo kidogo katikati ya Amerika, kwenye uwanda wa nyasi, na kwa miaka mingi alikuwa akinisimulia barabara moja huko yenye vituko kila baada ya maili chache. Akaomba likizo, nami nikaomba. Tukampakia mama kwenye gari letu kuukuu kiti cha mbele, mimi na binti yetu wa miaka tisa nyuma, na jokofu dogo la soda katikati yetu.

Siku ya pili miti iliisha. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba miti inaweza kuisha. Palikuwa na nyasi na mbingu basi, na barabara imenyooka katikati. Mama aligeuka kulia, akageuka kushoto.

"Miti yote wameikata akina nani?" akauliza.

"Haikukatwa, Mama. Haikuwahi kuwako."

"Sasa watu walijenga na nini?"

Mume wangu hakujua. Miaka minne alikaa kule na hakuwahi kujiuliza.

Kwanza tulisimama kwenye nyati wa zege, mrefu kuliko nyumba yetu ya ghorofa, amesimama peke yake kilimani huku watu wakipiga picha chini ya tumbo lake. Mama alimzunguka polepole, akamtazama chini ya mkia, akasema, "Wamemaliza saruji yao kwa mnyama ambaye hawezi hata kunya." Binti yetu alicheka mpaka akakaa chini. Halafu tukafika mahali watu wazima, wenye akili zao, wamenunua karanga na kupiga magoti nyasini kuwalisha panya wanene wanaochungulia kutoka mashimoni. Maisha yake yote mama amepigana na panya wa shambani. Alinishika mkono, akaninong'oneza, "Hawa watu wamerogwa." Nilicheka, lakini nami nilishtuka.

Asubuhi iliyofuata mume wangu alipiga simu nyumbani kwa kadi, kwenye kibanda cha simu nje ya kituo cha mafuta. Mama alikuwa msalani. Nilisimama karibu na kibanda pamoja na binti yetu aliyekuwa akilamba barafu ya rangi. Mume wangu aliweka simu chini akitabasamu. "Imelala," akasema. "Waliangusha jana. Hata msingi wameanza kuchimba." Tukapigana viganja kama watoto waliofunga bao. Hatukumwangalia mtoto. Alikuwa akielewa kila neno la Kiswahili, ila kujibu alijibu kwa Kiingereza, na sisi tulikuwa tumezoea kumchukulia mtu asiyejibu Kiswahili kama asiyekisikia.

Mchana tukaanza kuona mabango ya kituko kingine. Mume wangu akachangamka. "Hapa mimi nilikuja na wenzangu wa chuo! Pana bembea na aiskrimu." Bembea ilikuwako. Aiskrimu ilikuwako. Lakini nyuma yake, imezungushiwa ua mdogo mweupe, palikuwa na kitu ambacho mume wangu hakukikumbuka kabisa.

Ilikuwa nyumba ya udongo.

Mama aliiona kabla gari halijasimama. Alifungua mlango akatoka akitembea haraka, mkoba ukimpigapiga kiunoni. Sisi tukamfuata. Ndani tulimkuta mzee wa kike, mzungu, amevaa gauni refu la zamani na kofia ya kitambaa, kazi yake ikiwa kuwaeleza wageni. Nikawa mkalimani. Alieleza kwamba watu wa kwanza kulima pale walikosa miti, wakakata ardhi yenyewe pamoja na mizizi ya nyasi, wakapanga vipande kama matofali, wakakandika kwa ndani. Sakafu ilikuwa ya udongo. Palikuwa na jiko la chuma, na pembeni kikapu cha mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa, kuni zao hizo. Kamba nene nyekundu ilitukinga tusifike ukutani.

"Wazungu?" mama akaniuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Wazungu walilala humu? Wakapikia mavi ya ng'ombe?"

"Ndiyo anavyosema."

Alicheka. Sijawahi kumsikia akicheka vile, mpaka machozi, akijipigapiga paja. Kisha akainama kuchungulia kitu karibu na dirisha. Ukuta ulikuwa umepasuka, ufa wa urefu wa mkono. Kabla sijasema lolote aliivuka kamba, mguu mmoja, wa pili, akapapasa ule ufa kwa vidole. Akarudi, akanipita, akatoka nje na chupa yetu ya maji. Aliporejea kiganja chake kilikuwa kimejaa tope.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. "Mama, tafadhali, hapa haturuhusiwi kugusa!" Wapi. Alikuwa ameshaanza, anasindilia tope ndani ya ufa kwa kidole gumba, analainisha juu kwa kiganja. Yule mzee alishika mdomo. Nilijua polisi wanakuja. Lakini yeye akaiinua kamba, akapita, akasimama ubavuni kwa mama kutazama. Aliniambia kila majira ya kuchipua wanaleta fundi na saruji, na kila mwaka saruji inabanduka. Akauliza kama mama amewahi kufanya kazi hii.

Mama alijibu bila kugeuka. "Mwambie mimi niko na yangu. Mwambie Desemba nikirudi naikandika, na saruji asiweke, saruji haipatani na udongo."

Ndipo binti yetu, aliyekuwa ameshika kamba, akasema kwa sauti yake safi, "But Grandma, they already broke it. Daddy said so on the phone."

Mama hakujua Kiingereza. Aligeuza kichwa kwangu, mkono bado ukutani. "Mtoto anasema nini?"

Mume wangu alikuwa mlangoni na kamera shingoni. Macho yake yaliniomba. Ningeweza kusema mtoto ana njaa. Neno lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Tangu tuanze safari mama alikuwa akipokea dunia nzima kupitia mdomo wangu, nyati, panya, nyumba hii, na kila nilichomwambia alikiamini. Sitajisifu kwamba nilikuwa jasiri. Niliutazama ule mkono wenye tope, na uongo ukakataa kutoka.

"Anasema nyumba yako imeshabomolewa, Mama."

Mume wangu akaanza kumwaga maneno: "Mama, sikia, ilikuwa iwe surprise. Tunakujengea ya matofali. Iko na stima, iko na choo ndani, hutatoka nje usiku tena. Ilikuwa tukuonyeshe ikiwa tayari..."

Mama alimngoja amalize. Kisha akauliza swali moja tu.

"Nani aliwaambia nimekufa?"

Mimi wa mjini sikuelewa mara moja. Mume wangu alielewa. Nilimwona uso ukimbadilika, akawa kama mtoto aliyevunja chungu. Kwao nyumba ya mama haiguswi mwenyewe akiwa hai. Humo ndimo mwili wake hulazwa siku ya mwisho, na baada ya kuzikwa nyumba huachwa ianguke yenyewe au huangushwa na wanawe. Kuiangusha yeye akiwa anapumua ni kumtangaza maiti mbele ya kijiji kizima. Mume wangu alilijua hilo tangu utotoni. Alikuwa ameliweka kwenye fungu la mambo ya wazee, pamoja na mengine mengi, akaja nalo Amerika na kulisahau. Na mdogo wake, mwenye pesa za kaka mkononi na fundi mlangoni, hakuthubutu kumkumbusha.

Yule mzee alituangalia kwa zamu, akijua tu kwamba kuna jambo. Mama akaniambia, "Muulize mwenye nyumba hii yuko wapi."

Nikauliza. Alinyoosha kidole dirishani, kwenye mwinuko wa nyuma penye jiwe dogo. Alisema mwenye nyumba alikuwa mwanamke aliyefiwa na mume mapema. Wanawe walijenga nyumba za mbao baadaye, mbao zilipoanza kuletwa kwa reli, lakini mama yao hakutaka kuhama, nao wakamwacha humu mpaka wakamzika. Wajukuu ndio walioitoa kwa mji ili itunzwe.

Nilitafsiri yote. Mama alitikisa kichwa taratibu.

"Watoto wake walingoja," akasema.

Akamalizia ule ufa. Alifanya kazi safi, bila haraka, mpaka usingejua palipokuwa pamepasuka. Sisi wote tulisimama nje ya kamba, tukitazama. Mume wangu alikuwa analia kimya kimya, na mimi nilikasirika, nikamkasirikia yeye, nikamkasirikia mdogo wake, nikayakasirikia yale mapazia yangu ya manjano. Mtoto akaniuliza kama amefanya kosa. Nikamwambia hapana, sisi ndio tuliokosa.

Mama alipotoka hakuosha mkono. Alisimama mlangoni, akasema, "Nipigeni picha." Mume wangu alipiga.

Safari ya kurudi Germantown ilituchukua siku mbili, na hatukusimama kwenye kituko chochote. Mama hakugomba. Heri angegomba. Alijibu salamu, alikula alichopewa, akamwimbia mjukuu wake barabarani kwa sauti ndogo. Tope lilimkaukia kiganjani, likawa linapukutika punje punje kwenye kiti.

Wiki iliyofuata akasema anataka kurudi nyumbani, viza iwe imeisha au haijaisha. Mume wangu alimwomba radhi mara nyingi, hata kwa magoti, mwanamume mzima kwenye zulia. Mama alimwinua. Alisema amemsamehe, kwamba atajijengea kibanda chake cha udongo nyuma ya hayo matofali, na matofali yatafaa kuwekea mahindi. Halafu akaomba kitu kimoja. "Nipeni picha ya nyumba yangu. Niende nayo."

Tulishusha masanduku yote ya picha, tukayamwaga sebuleni. Tulikuwa na picha za ng'ombe wake, za harusi yetu, za mtoto akibatizwa kule, za mama mwenyewe akiwa ameketi kwenye nyasi katikati yetu na ua wa michongoma nyuma. Picha baada ya picha, ua wa michongoma. Nilikumbuka jinsi nilivyokuwa nikiwapanga watu: sogeeni huku, sogeeni tena, hapa ndipo pazuri. Nilikuwa naikwepa nyumba. Miaka yote ile, kila tulipokwenda, hatukuipiga picha hata mara moja.

Mama alisubiri kwenye kochi, mkoba magotini. Mwishowe mume wangu alimpa picha ya pekee tuliyokuwa nayo, yeye akiwa amesimama kwenye mlango wa nyumba ya udongo, mkono wa kulia umejaa tope. Aliitazama kwa muda mrefu, akaitia kwenye mkoba, akaufunga. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mtu mwingine.