Unga wa Wageni

Unga wa posho ulikuwa na harufu yake. Uliunusa kabla hujaliona gunia: uvundo wa kitu kilichonyeshewa njiani kikakauka kikiwa kimefungwa, ukichanganyika na moshi wa makaa ya treni uliokaa katika kila nguo ya kambi yetu ya reli pale Kamina. Posho ndiyo chakula ambacho kampuni iliwagawia wafanyakazi weusi kila Jumamosi: unga, samaki wakavu, mafuta ya mawese kidogo. Wazungu wa kampuni, waliokaa ng'ambo ya reli, hawakujua posho. Wao walikuwa na duka lao, na upepo ukitoka kwao ulituletea harufu ya mkate. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa bado na pengo la meno ya mbele. Hadi leo nikipita karibu na tanuri la mkate, pua yangu hukasirika kabla yangu mimi mwenyewe.

Mvua za mwaka ule ziliuharibu unga kupita kiasi. Ulikuwa mchungu, na ukiuchekecha ulibaki na wadudu wa kumshibisha kuku. Mdogo wangu Banza, aliyekuwa ndiyo kwanza anatembea, aliharisha mpaka akarudi kutambaa. Wanaume walikwisha kulalamika, wakajibiwa kwamba asiyetaka kazi aache. Ndipo wanawake walipokutana bombani, na jirani yetu Mama Ilunga, mwenye sauti ya kuweza kuita treni irudi, akatoa shauri. Kila mmoja apike bukari, ugali wetu, kwa unga ule ule, bila kuuchekecha. Wampelekee shefu wa kambi, yule Mzungu aliyesimamia posho, wamnawishe mikono, ale. Kwetu mtu akishanawa hainuki bila kuonja.

Baba, aliyekuwa mchochea makaa kwenye treni, hakulipenda shauri hilo. Nyumba yetu ilikuwa ya kampuni, na kampuni ilijua kukasirika.

"Mama Ngoie, usiende," alimwambia mama. "Kama banatufukuza mu nyumba, tutapeleka batoto wapi?"

"Na kama banakufa mu ile nyumba?" mama akamuuliza.

Baba alivaa kofia yake akaenda kazini. Nilimwonea huruma, maana alikuwa na haki, na mama naye alikuwa na haki.

Sasa, lazima niseme juu ya kikapu. Chini ya kitanda mama aliweka kikapu cha unga wa muhogo, mweupe, uliotoka shambani kwa dada yake huko Kabongo. Ulikuwa unga wa wageni. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu, lakini kwetu aliyepona ni mgeni. Sisi watoto unga ule tuliujua kwa macho. Asubuhi ile mama alianza kusonga unga wa posho, kama walivyoagana. Akaunusa. Akasimama na mwiko mkononi, uso umemwiva kwa aibu.

"Miye siwezi kutilia mugeni kitu kama hii," alisema, utadhani shefu wa kambi alikuwa shemeji yake aliyefika kutoka safari. Akakisukuma chungu pembeni, akavuta kikapu. Niliona kila kitu nikanyamaza. Kumfundisha mama kupokea wageni kulikuwa ni kutafuta kofi.

Tukaenda, wanawake wa kambi nzima, mabakuli vichwani, mimi nimebeba kopo la maji ya kunawa. Yalipangwa kwenye baraza ya ofisi, kila moja na kitambaa chake. Shefu alitoka, shingo nyekundu, kijana kuliko nilivyodhani. Labda alitaka tu tumalize upesi. Alinyoosha mikono, nikammiminia maji, kisha akazitazama zile bukari vitambaa vilipoondolewa. Akachagua iliyo nyeupe kuliko zote. Ni nani asingeichagua? Akamega, akatafuna, akamega tena.

"Hii iko muzuri," alisema. "Munalalamika nini?"

Mama Ilunga aligeuka polepole. "Mama Ngoie, ulifanya nini?" aliuliza, na ile sauti yake kubwa ilikuwa ndogo kabisa. Macho yote yalikuwa kwa mama. Niliona tayari tumefukuzwa, unga haukubadilika, na kambi nzima inatuchukia. Maji yaliyobaki katika kopo yakanimwagikia miguuni.

Mama alichukua bakuli la Mama Ilunga. Akapiga magoti, kama wanawake wa kwetu wanavyoandaa chakula, akaliweka mbele ya shefu.

"Ile ni ya mugeni, Bwana," alisema. "Ya batoto iko huku. Na weye unakwisha kunawa."

Harufu ilikwisha kumfikia. Kapita wake, yaani mnyapara, mtu wetu, alikuwa akitazama viatu vyake mwenyewe. Shefu akamega kidogo sana, akatia mdomoni. Hakumeza. Aliingia ndani, mlango ukafungwa, nasi tukabeba mabakuli yetu. Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka tulipofika majumbani.

Jumamosi iliyofuata unga ulikuwa mwingine. Baba hakufukuzwa, ingawa alingoja kufukuzwa kwa muda mrefu, maskini. Lakini ninachokumbuka zaidi ni jioni ya siku ile ile, mama alipotusongea unga wote uliobaki kikapuni.

"Na mugeni akikuja?" baba aliuliza.

"Mugeni atakula kile batoto banakula."

Banza alikula mpaka akalala na tonge mkononi. Nampenda mama kwa mengi, lakini kwa tonge lile nampenda zaidi.

Sasa mimi ni bibi. Treni zinapita kwa nadra, pikipiki ndizo zinazotupigia kelele. Ng'ambo ya reli wanakaa watu wa rangi yetu, na mkate bado unanukia kwa wengine tu. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, hata awe mtoto wa shangazi yako. Juzi mgombea ubunge alikuja kuomba kura nyumbani kwangu, na mkwe wangu, mke wa mwanangu, akakimbilia kwa jirani kuazima unga mweupe. Nikamrudisha. Tukaweka mezani kile ambacho wajukuu walikuwa wamekula tangu asubuhi. Mgeni alitazama bakuli, akanitazama mimi. Nilikuwa nimekwisha kumnawisha mikono.