Mtoto Yuko Mpaka ku Mkono

Binti yangu alinipigia simu: “Mama, muganga wa hospitali anataka na we ukuje.” Basi nikatoka Mutaho juu ya baiskeli, nikapanda gari Gitega mpaka kwake Muyinga. Alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Kwetu mimba haisemwi, inaonekana tu. Na sisi wawili tulikuwa na kingine cha kutosema: mtoto wake wa kwanza, wa kiume. Alikuwa anakohoa, nikampeleka kwa mzee anayekata kilimi, kale kanyama ka nyuma ku koo. Mi ndiye niliyemshika kichwa. Damu ikatoka jioni, ikatoka asubuhi, ikakataa kusimama. Tukamzika.

Muganga mwenyewe ni Mkongomani, mwembamba, anaongea kama anafukuza nzi, na Kifaransa chake ndani. “Bon, koko,” ndivyo kwao wanaita bibi, “donc, hii ugonjwa ya damu kukataa kusimama inapigaka batoto banaume. Banamuke banaibeba tu. Koko, we ulikuwa na bandugu banaume?”

Walikuwa wawili. Mmoja aling’olewa jino, mwingine alijikata na panga, kidogo tu. Wote damu iliwamaliza. Nyumbani tulisema ni uchawi wa jirani.

“Njo hivyo. Inatoka kwa mama, inaenda kwa binti.”

Yaani ni mi! Nilimnyima salamu yule jirani mpaka akahamia Ryansoro, kumbe kitu kiko ndani yangu!

“Sasa tutaangalia kama bebe ni mwanaume ao mwanamuke.” Nikajua huyu anaenda kumpasua mtoto wangu tumbo. Lakini alichukua mpira, akafunga mkono wa binti yangu.

“We muganga, umepotea njia? Mtoto yuko ku tumbo, we uko ku mkono!”

Akacheka. “Koko, tuchembe twa bebe tunatembea mu damu ya mama yake. Hata akisha kuzaa, tungine tunabakiaka, miaka na miaka.”

Mi huyo nikapandisha nguo begani, nikanyoosha mkono. “Basi toa yangu. Huyu amekonda, na damu yetu ni moja.”

“Hapana, koko. Mu yako huyu bebe hayuko. Mu yako muko bale ulizaa we.”

Nikakaa. Hapo binti yangu akauliza, macho chini: “Na mi? Yule wangu wa kwanza?”

Muganga akaacha kufukuza nzi. “Inawezekana, mama. Siwezi kuapa. Lakini inawezekana.”

Binti akafunika mkono wake na kiganja, palepale sindano ilipotoka.

Damu ikapanda ndege, ikaenda nchi za nje. Mi nikarudi Mutaho. Siku zikapita. Nilikuwa nachagua maharage simu ikalia.

“Mama, ni mwanaume.”

Maharage yote chini.

“Kama ni mgonjwa, watajua akizaliwa. Nitazalia ku hospitali kubwa. Muganga amesema wembe usimguse, hata sindano mpaka yeye aseme.” Akaita tena: “Mama.”

“Sema.”

“Ukuje. Utamshika kichwa. Kichwa tu, mama. Kilimi uache.”

Nikaiga ile sauti ya muganga: “Bon, donc, koko amesikia.”

Akacheka. Tangu tuzike yule wa kwanza, hakuwa amecheka na mi.