Povu la Ndevu za Baba

Siku wakwe walipokuja Chamwino kuleta mahari ya mdogo wangu wa kike, baba aligoma kutoka chumbani. "Sitoki na ndevu hizi," alisema, maneno yakimtoka kwa shida. Kiharusi kilikuwa kimemchukua mkono wa kulia na nusu ya mdomo, lakini ubishi wake kilimwachia wote.

Nikasema tumwite kinyozi na mashine yake.

"Mimi kondoo?"

Povu la kopo nililomnunulia mjini hakutaka hata kulinusa. Enzi zake za ubwana shamba alinyoa kila asubuhi kwa sabuni ngumu ya kwenye bakuli, brashi na wembe, nasi watoto tukibanana mlangoni kumtazama. Mdogo wangu alikuwa na haki yake ya pekee: baba alimpaka povu kidogo puani, naye akakimbia uani kujishaua. Tangu baba arudi kutoka hospitali hakukubali kunyolewa na mtu, na hakutaka binti yake amwone vile. Mtoto wa watu alikuwa akimpa shikamoo akiwa nje ya pazia. Sasa leo analetewa mahari, baba yake yuko ndani na hatoki! Iliniuma, jamani.

"Basi nitakunyoa mimi," nikasema, na sikusubiri jibu.

Nikachota maji ya bomba, nikakoroga. Hola. Sabuni ikakatika vipande vipande, ikaacha utando mweupe kwenye bakuli. Nikaongeza maji, nikakoroga kwa hasira mpaka mkono ukauma, huku nje nikisikia wageni wakikaribishwa viti.

"Sabuni yenyewe imeoza hii!" nikafoka.

Baba akacheka kwa ule upande wake mzima. "Maji," akasema. "Muulize mama yako."

Mama akaja kutoka jikoni, mikono imejaa unga, akainama akavuta dumu chini ya kitanda. Miaka yote nilidhani lina mafuta ya taa! Kumbe ni maji ya mvua, aliyokinga batini. Maji yetu ya bomba yanatoka kisimani, ni chumvi tupu, hayapatani na sabuni ile, kwa hiyo kila masika alijaza dumu kwa ajili ya ndevu za mumewe, na hakuna aliyeruhusiwa hata kuligusa.

"Hata mwaka huu ulikinga?" nikamuuliza. Mvua ilinyesha baba akiwa bado hospitali, hajitambui.

"Kwani nilikuwa namngoja nani?" akajibu, akarudi kwenye sufuria zake.

Nikaanza upya, baba akiniamuru kutoka kitandani. Lainisha sabuni kwanza. Kung'uta brashi, isichuruzike. "Taratibu, wewe! Unasonga ugali?" Nikazungusha taratibu, nikidondoshea maji kidogo kidogo, na lo, likaja. Kwanza jepesi, la mapovu makubwa. Kisha likashikana, likawa zito kama mtindi, likasimama kwenye brashi bila kuanguka. Nikaelewa kwa nini mzee alilidharau kopo langu. Nikampaka, nikalivuta lile shavu lililolegea, na wembe ukapita bila kukwaruza. Baba alifumba macho. Alipendeza, hana mfano.

Nilipomvalisha koti, akasema, "Mwite."

Mdogo wangu akaingia amevaa kitenge kipya, uso umepambwa na mtaalamu wa mjini, akapiga magoti. "Shikamoo baba."

Mkono wa kushoto wa baba ulikuwa ukipapasa kiti kilichobeba bakuli. Nikataka kumsaidia, akanitoa kwa kiwiko. Akaishika brashi, ikakosea mara ya kwanza ikagusa shavu la binti yake, halafu ikafika puani.

"Marahaba," akasema.

Tulitoka hivyo hivyo mbele ya wakwe, baba katikati yetu, na bibi harusi mtarajiwa hakukubali mtu amfute.