Hita Iliyongoja Kidole

Baba mkwe wangu hakunipenda tangu siku ya kwanza nilipotambulishwa kwake, na mimi sikujisumbua kumpenda. Alikuwa mkulima katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na mzee wa kanisa, sauti kubwa kuliko shamba lake. Nilipozaa binti wa pili, aliwaambia watu nje ya kanisa kwamba mwanawe ameoa mwanamke wa kuwazalia wengine, kwa kuwa binti huolewa akaenda kwa watu. Nilikuwa nimesimama palepale, mtoto mgongoni.

Kisha macho yake yakaanza kuziba. La kushoto lilikufa zamani, tukiwa bado Kivu, kwetu Kongo. Likabaki la kulia, nalo likaingia ukungu. Mwaka 2013 alipasuliwa jicho hilo mjini Mbarara, na kwa kuwa sisi tulipanga nyumba Ruharo, mtaa wa mji huohuo, karibu na daktari, akaletwa kwetu na bandeji usoni. Daktari alituonya: asiiname, asivute moshi, na zaidi ya yote asikohoe. Akikohoa kwa nguvu mshono ungeweza kufunguka, na hilo ndilo jicho pekee alilobakiwa nalo.

Ilikuwa Julai, na asubuhi za mwezi huo huuma hadi mifupa. Kifua cha mzee hakikuvumilia baridi, na jiko la makaa lilikuwa marufuku kwa sababu ya moshi. Mume wangu akanunua hita ya umeme, ya kisasa, yenye vitufe bapa chini ya plastiki. Mtu aliyefungwa macho hawezi kuvipapasa akajua kipi ni kipi. Mzee alijaribu mara moja, akafinya cha feni, akapulizwa ubaridi usoni. Akasema shetani huyo hamgusi tena.

Sasa nani amwashie? Mume wangu alitoka alfajiri kwenda Bwizibwera kukusanya maziwa, akarudi jioni. Watoto walikuwa shule. Nilibaki mimi, na kwa desturi yetu mkamwana haingii chumba anacholala baba mkwe wake. Hata chakula nilikiacha mlangoni, nikagonga na kuondoka. Mama mwenye nyumba, Mnyankore mpole, aliingia siku moja kumsaidia, mzee akamfokea kwamba ametumwa kumroga. Hakurudi, na simlaumu.

Mume wangu kuiwasha alfajiri na kuiacha iwake mfululizo hakukufaa pia. Chumba kiligeuka tanuri, mzee akalowa jasho, na jasho lilipokauka kikohozi kikaanza. Ndipo nikapata wazo, nikajiona nina akili. Nilinunua plagi ya saa mjini, ile unayoipanga ikate umeme na kuurudisha yenyewe. Mume wangu akaipanga: hita iwake kidogo, izime, iwake tena, mpaka jua lipande. Mashine ingeingia chumbani kwa niaba yangu.

Asubuhi ya kwanza nikiwa koridoni nilisikia plagi ikilia tik, umeme umekatwa. Baadaye tik nyingine, umerudi. Nikaenda kufua nguo moyo ukiwa mweupe. Siku iliyofuata nikafanya vivyo hivyo.

Jioni ya siku hiyo ya pili mume wangu alitoka chumbani kwa baba yake, uso umemvimba kwa hasira, akinishutumu kwamba namzimia mzee hita.

"Mama watoto, juu ya nini unazimiaka papa moto? Anasema iko naikala mu baridi asubuhi yote."

"Mimi naingiaka mule? Nazimaka na mukono gani?"

Alimwamini baba yake, na hilo liliniuma kuliko maneno ya mzee mwenyewe.

Kesho yake nilimpelekea muuza plagi maneno makali. Alicheka, mjinga yule.

"Nyabo, mama, hita yako ni ya button. Umeme ikitoka, inasahau. Ikirudi, inangoja mtu afinye. Hii saa inataka hita ya zamani, ile ya kuzungusha. Hiyo ukiiacha kwa on, inakaa kwa on."

"Na hukuniambia siku ile kwa nini?"

"Hukuuliza."

Hita ya kuzungusha hakuwa nayo, akaniambia nirudi kesho. Nilipanda bodaboda nikimlaani yeye, hita, na aliyeizaa.

Nilipofungua mlango wa nyumba nilisikia kikohozi. Hakikuwa cha kusafisha koo. Kilikuwa kile cha kifuani, kinachomkunja mtu. Nilisimama mlangoni pake. Namwambia msomaji ukweli: sikumwonea huruma. Nililionea huruma jicho, kwa maana likipotea nitaambiwa mimi ndiye niliyelipofusha, mpaka kaburini.

Nikaingia. Alikuwa amejikunja kitandani, bandeji imelowa machozi. Kwenye hita kitaa chekundu kilikuwa kinawaka, basi, kazi hakuna. Nilifinya kitufe. Joto likaanza kuja, nikamfunika blanketi la pili, na polepole kikohozi kikatulia.

"Mwana wangu, umerudia?" akauliza.

Nilimchomekea blanketi miguuni.

"Ile bibi yako iko na roho mubaya. Anataka nikufe na baridi. Umurudishe kwabo, utafute mwingine mwenye atakuzalia vijana."

Nililiachia blanketi.

"Ni mimi, papa," nikasema. "Ule wa roho mubaya ndiye amekuwashia moto."

Alivuta blanketi mpaka juu ya kichwa.

Siku iliyofuata nilinunua hita ya kuzungusha, mume wangu akaichomeka chumbani, na ile saa ikafanya kazi yake bila mtu. Hakukohoa tena.

Siku ya kufungua bandeji mume wangu alinitaka niwepo. Daktari alimulika, akasema mshono ni mzima kabisa. Mzee akapepesa. Alimwona mwanawe, akatabasamu hadi machozi. Kisha akageuka upande wangu, akaninyoshea kidole.

"Uyu ndiye aliingiaka mu chumba, fasi nalala," akamwambia mwanawe. "Unirudishe Nakivale leo."

Aliniona vizuri sana.