Petroli Ndani ya Pipa la Dizeli

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana mashine ya kukamua alizeti pale Ikungi, na kwenye mashine ya alizeti kila kitu huishia kwenye dumu la njano. Mafuta ya kupikia, maji ya kunawa, dizeli ya injini, petroli ya pikipiki: madumu ni yale yale, unayatofautisha kwa harufu, na uwanja mzima unanuka alizeti. Kwa hiyo msimu uliopita, siku ambayo magunia ya wateja yalikuwa yamefika hadi barabarani, alikuwa anajaza pipa la dizeli akamimina na dumu la petroli. Harufu ilimfikia puani dumu likiwa limeshakwisha.

Alinipigia simu. Nina duka la vipuri jirani naye, na jioni husoma vitabu vya kemia vya sekondari, shule ambayo sikuifikia.

"Shemeji, njoo, ila usije na hotuba."

Nilimkuta amekaa kando ya pipa kama anayesubiri uji upoe.

"Nimeliacha litulie," akasema. "Kesho petroli itakuwa imepanda juu. Naikinga, nawasha injini, maisha yanaendelea."

Hakuwa anaropoka. Mafuta ya alizeti yakitoka mashineni huwa na mashapo. Unayaacha yatulie, mashapo yanazama, unamimina yaliyo safi. Hata dizeli iliyoingia maji hutengana hivyo hivyo, maji yakabaki chini. Tangu aanze kazi ile, kusubiri hakujawahi kumwangusha.

"Hizi hazitatengana," nikamwambia. "Zilitoka pamoja kwenye mafuta ghafi, chini ya ardhi. Zote ni minyororo ya kaboni na haidrojeni. Ya petroli ni mifupi, ya dizeli ni mirefu, basi. Umeshaona chai ya maziwa ikirudi kuwa ya rangi kwa kukaa mezani?"

Mama mmoja wa Ihanja, mwenye magunia sita kwenye foleni, alikuwa anasikiliza. "Mwanangu," akamwambia shemeji, "nipakie mzigo wangu niende Singida mjini, au nisubiri pipa lako liamke?"

"Subiri kidogo, mama."

"Kidogo cha leo au cha Pasaka?"

Wateja walicheka, yeye hakucheka. Tayari wawili walikuwa wanaulizia bei ya gari la mizigo, na mteja akihamia mashine nyingine katikati ya msimu harudi. Dizeli nyingine hakuwa na namna ya kuinunua. Hela yake ilikuwa bado imo ndani ya alizeti ambayo haijakamuliwa.

"Sasa huko kiwandani wanazitenganishaje?" akaniuliza.

Hapo nikanogewa. Nikamweleza kwamba mafuta ghafi hupitishwa kwenye tanuri mpaka sehemu kubwa igeuke mvuke, kisha huingia kwenye mnara mrefu wa chuma, chini joto kali, juu nafuu. Mnyororo mrefu huchemka kwa shida, kwa hiyo mvuke wake hupoa na kuwa kimiminika mapema, chini chini. Mfupi huendelea kupanda. Dizeli hukingwa katikati, mafuta ya taa juu yake, petroli karibu na kilele, na gesi ya kupikia hutokea juu kabisa.

"Ni kama kupika gongo," nikamalizia. "Unachemsha, mvuke unapita kwenye bomba, unapoa, unakinga."

Nikarudi dukani nimeridhika. Mchana nikaona mtu anapita na bomba la shaba begani, anaelekea kwa shemeji, na mguu wangu ukatangulia kabla ya akili. Nyuma ya mashine nilikuta mafiga matatu, kuni zimepangwa, na chungu cha chuma kimejazwa kutoka kwenye lile pipa. Kiberiti alikuwa nacho mkononi.

"Umesema mwenyewe ni kama gongo!"

"Weka kiberiti chini, nikuoneshe kitu kimoja. Kisipokuridhisha, washa."

Nikamwomba kipande cha bati. Nikadondosha kijiko cha petroli ya pikipiki upande mmoja, cha dizeli iliyosalia dumuni upande wa pili, tukaliacha juani mbali na mafiga. Hata hatujamaliza kubishana, petroli ilikuwa imekauka. Dizeli ilikuwa inang'aa vile vile.

"Petroli imekwenda wapi?" nikamwuliza.

"Imepaa."

"Haijapaa. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa ardhini. Kule kwenye mnara hauna pa kutokea. Hapa utatoka kwenye kila kiungo cha bomba lako. Ukitambaa kutoka kwenye chungu, kitu cha kwanza utakachokutana nacho ni nini?"

Akayatazama mafiga. Akatazama magunia, yale ya ukutani na yale ya barabarani. Kisha akayarudisha mafuta ya chunguni kwenye pipa, taratibu, akakaza kifuniko na kuniambia nimtafutie rangi nyekundu ya kuliwekea alama. Kiberiti alinipa mimi.

Alikwenda mwenyewe kwenye foleni akasema ukweli: pipa limeharibika, mwenye kuleta dizeli yake atakamuliwa bila malipo ya kukamua. Alijua anakula hasara. Wale wawili waliondoka. Mama wa Ihanja akamtuma bodaboda kituo cha mafuta.

Dizeli ilipofika, injini ikakohoa, ikashika. Shemeji akasimama kwenye mdomo wa mashine na kuwapigia kelele waliobaki, kushinda injini: "Mnajua hii lami mliyopita kuja hapa? Ni mashudu ya mafuta ghafi! Kilichoshindikana kupanda mnarani!"

Mashudu ni makapi yanayobaki alizeti ikikamuliwa; lami haikamuliwi, na nilifungua mdomo nimrekebishe. Mama wa Ihanja akaniwahi.

"Muache, baba," akasema, akisukuma gunia lake la kwanza. "Wewe ukimfundisha tena, hatukamui leo."