Askari Niliowasingizia

Aliyeniharibu ni mume wa dada yangu mkubwa. Nalisema mwanzoni kabisa kwa sababu nimechoka kulisema mwishoni, watu wakiwa wameshasimama kuvaa makoti. Si askari. Vita vilikuwepo, askari walikuwepo, na Mungu atawauliza yao, lakini mimi hawakunigusa. Jina la shemeji silitaji. Nataja udugu wake, maana udugu ndio uliomficha. Na mama yetu alijua. Aliniambia, "Nyamaza, usimvunjie dada yako nyumba," akachukua ndoo akaenda kuteka maji.

Sasa shemeji ni mzee wa kanisa hapa Tottenham, London. Kila Jumapili baada ya ibada anakuja kwangu na yaya, ndivyo sisi tunavyomwita dada mkubwa, wanakula ugali na sombe, majani yetu ya muhogo, halafu anaomba kabla ya kuondoka. Anaiombea nyumba yangu amani.

Mimi nasafisha ofisi. Nilisoma mpaka darasa la nne, mengine nimesomeshwa na ufagio. Mwaka jana meneja mmoja alipita nyuma yangu akinukia manukato ya shemeji, yale yale, nikajikuta ndani ya stoo ya mifagio, nimeushika mlango kwa mikono miwili. Supavaiza akasema niende kwa daktari. Daktari akaniandikia kwenda kwa mama mmoja anayetibu watu kwa mazungumzo. Nikangoja miezi mpaka nikasahau kwamba nangoja.

Yule mama alikuwa mpole, tena si upole wa kazini. Mezani alikuwa na kamba, mawe na maua ya karatasi. Akanieleza: kamba ni maisha yako, tunaitandaza sakafuni. Penye furaha unaweka ua, penye ubaya unaweka jiwe, halafu tunarudi kwenye kila jiwe polepole, unalisimulia mpaka liache kukuvamia. Akasema tiba hii haimfai kila mtu, na mwanzoni ndoto zinaweza kuzidi. Kwa hiyo siku hiyo hatugusi jiwe lolote, tunaangalia tu kama inanifaa na kama niko salama kuifanya. Nikampenda kwa hilo. Maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniuliza kama kitu kinanifaa.

Mkalimani alikuwa kwenye simu, sauti tu, imewekwa mezani kati yetu. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe ni la kwetu. Mtu akikuamkia kwa lugha ya nyumbani, unaweza kumkatia njiani?

"Jambo mama. Habari za siku?"

"Nzuri, baba. Zako?"

"Tunamshukuru Mungu. Mama ni wa wapi kule nyumbani?"

Nikamtajia mji.

"Aa! Upande wa soko au wa mto?"

"Wa mto."

"Basi wewe ni wetu! Na hapa unasali wapi?"

Nikamtajia kanisa. Akacheka kwa furaha, jamani, furaha ya kweli.

"Kumbe! Mzee wetu yule mwenye sauti ya kuimba, si shemeji yako huyo? Alinishika mkono siku ya kumzika baba yangu. Haya mama, jisikie huru kabisa. Siri haitoki hapa."

Yule mama wa tiba akauliza tunaongea nini. Sauti ikamjibu kwamba tunasalimiana tu.

Akaniuliza ni nani aliyeniumiza. Nisisimulie, neno moja linatosha. Kinywa kikafunguka chenyewe.

"Askari."

Wako karibu nawe sasa? Wako mbali, pengine wamekufa. Kuna mtu hapa London unayemwogopa? Hakuna. Una watu wa kukushika siku zitakapokuwa nzito?

"Nina dada," nikasema. "Na shemeji."

Mkalimani alilitafsiri lile la shemeji kwa fahari, nilimsikia. Yule mama akaandika, akatabasamu. Kwa maelezo hayo, akasema, tiba inakufaa, na uko salama.

Nilipanda basi nikiwafikiria wale askari. Nilikuwa nimewabebesha dhambi wasiyoifanya, na kila wiki ningewawekea jiwe, niwasimulie, niwalilie, huku sauti ile mezani ikinipa pole. Na Jumapili ningepika sombe. Dawa gani hiyo, unapaka mguu wa kulia, kidonda kiko wa kushoto?

Siku ya kuanza nikakataa simu. Nikasema kwa Kiingereza changu cha ndoo na deki: si askari. Mume wa dada. Jumapili anakuja kula.

Yule mama akairudisha kamba mezani. Akaniuliza kama nyumbani kuna mtoto. Nikamwambia nina binti, na simwachi na shemeji hata dakika moja, nikienda msalani namwita aje kunishikia taulo. Akaniuliza kama nataka polisi. Nikasema yaya atakufa. Yule mama akasema hatuwezi kuanza mawe wakati aliyeyaweka anaingia nyumbani kwangu. Kwanza aache kuja. Atanisaidia kwa hilo, na atatafuta mkalimani mwanamke, wa nchi nyingine, ingawa itachukua muda.

Alifanya sawa. Najua alifanya sawa. Lakini nilipodanganya tiba ilinifaa, niliposema kweli ikanikataa, na mpaka leo sijui nimpelekee nani lawama hiyo. Nampelekea shemeji. Nampelekea na mama yetu, huko aliko kaburini na ndoo yake.

Jumapili nilijiambia sifungui. Kengele ikalia. Binti yangu, ambaye Kiswahili anakisikia lakini anajibu kwa Kiingereza, akauliza mbona nimekaa. Ikalia tena. Nikachungulia dirishani. Yaya alikuwa nyuma ya mumewe, kwenye mvua, amekumbatia sufuria iliyofungwa kwa kitenge. Alikuwa amenipikia maharage, maana nilimwambia wiki hiyo sina nguvu.

Nikafungua.

"Shemeji, leo umetusahau nje!" akasema mume wake akicheka. "Umezeeka masikio?"

Nilitenga mezani kwa watu watatu. Sahani ya shemeji sikuiweka. Ndilo lililokuwa ndani ya uwezo wangu siku ile, sikupata jingine. Akaitazama meza. Akainuka, akapita nyuma ya kiti changu na manukato yake, akafungua kabati la pili kutoka dirishani, akatoa sahani. Hakubahatisha. Analijua kabati.